Mama Ngoi Aliponuna Kivukoni

Nimerudisha fimbo ya ukalimani. Magoti yangu hayaiwezi tena njia ya Kabambare, na karani wa boma hapa Kasongo ameniambia kwa adabu kwamba mkalimani asiyeweza kutembea anaweza kutafsiri akiwa nyumbani. Basi niko nyumbani. Nina kuku sita, na mpaka sasa hatujakosana kwa neno lolote.

Nyinyi mnaoshika fimbo baada yangu mmeniomba niwaandikie habari za kazi. Nililipwa nini na nani alinipandisha cheo havitawasaidia, kwa hiyo nitaviacha. Nitaandika jinsi nilivyoanza, mtu aliyenifundisha, na neno moja la Kiingereza nililojifunza njiani, neno dogo la uso wa mtu aliyenuna. Kwa sababu ya neno hilo msichana mmoja hakurudi kwa mama yake. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari hiyo. Ninaitoa mwenyewe.

Nilizaliwa Unyanyembe, katika nyumba iliyokuwa kando ya njia ya misafara, na nadhani ndiyo sababu sikupata kutulia. Baba alinitia chuoni nisome Kurani. Nilifika juzuu ya nne nikatoroka. Bakora za mwalimu zilikuwa za kawaida tu, sikuzikimbia hizo. Lakini kila msafara uliotoka magharibi ulikuja na maneno nisiyoyajua, na nikimwuliza mwalimu aliniambia niyaache maneno ya washenzi nisome. Nikayafuata. Nilibeba masufuria ya mpishi mpaka Ujiji, nikavuka ziwa, nikapanda milima na kushuka Kabambare, kisha nikaingia Kasongo, mji wa mpunga na mapera, nikiwa na shuka moja na kinywa kilichojaa maneno ya watu. Waliniita Sikai, kwa sababu kila nilipoulizwa kama nitakaa mahali nilijibu hivyo. Jina langu ni Feruzi, lakini mtaani hata imamu alilisahau.

Bwana aliyenichukua Kasongo alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Alifanya biashara ya watu pia. Naliandika hili wazi, maana siku hizi wazee wenzangu wakisimulia barazani husimulia pembe tu, kana kwamba pembe zilitembea zenyewe hadi pwani.

Mkalimani wake alikuwa mwanamke, Bi Tausi. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye fizi nyeusi kwa tumbaku, na sauti ambayo haikupanda hata watu wakishikana mashati. Alizaliwa katika bonde la Luama, akakamatwa akiwa mtoto, akakulia jikoni mwa mabwana, na baba yake bwana wetu alimwacha huru siku alipokuwa anakufa. Tausi ni jina alilopewa jikoni. Nilimwuliza jina lake la kwanza, kama nilivyowauliza watu wote kila kitu.

“Nimeliacha kwetu,” alisema. “Linachunga nyumba.”

Siku yangu ya kwanza alinipa kigoda nibebe, na kibuyu cha maji, na mfuko wa chumvi.

“Kigoda cha nini, Bi Tausi? Mimi nina miguu.”

“Hiyo miguu yako ndiyo ninayoiogopa. Kaa.”

Kilikuwa na kimo cha vidole vinne. Mkalimani, alisema, hukaa chini kuliko anayesema, ili maneno yamwangukie. Maji ni kwa sababu mkalimani mwenye kinywa kikavu hufupisha. Na hili ni kweli, nimeona mashauri ya siku mbili yakigeuzwa kuwa “amekubali” kwa ajili ya kiu. Chumvi ni ya kumpa mtu baada ya kumsikiliza, kamwe si kabla. Fimbo yenyewe, yenye pete ya shaba kichwani, aliishika yeye. Katika njia yote ya Kasongo mpaka Kabambare watu waliijua pete ile. Wakiiona walijua huyu si mwenye bunduki, huyu ndiye anayesikia.

“Tazama mdomo kwanza,” aliniambia. “Masikio baadaye.”

Nilielewa maana yake katika safari ile ile ya kwanza, tulipofika kivuko cha Luama. Kuna kijiji pale ambacho watu wake ndio waliokuwa na mitumbwi. Kabla ya maji, katikati ya njia, alikuwa amekaa mwanamke kijana na mtoto mchanga mgongoni. Alitupa kisogo. Alipogeuza shavu kidogo niliona midomo yake imetoka mbele, imefungwa, kama mtu anayetaka kupuliza uji wa moto akasahau.

Wapagazi wakaanza. “Huyu mumewe kamnyima nyama!” “Dada, njoo kwangu, mimi nina mkia wa mbuzi!”

Bi Tausi alisimamisha msafara mzima, watu zaidi ya mia wenye mizigo vichwani. Hakutumia hata kigoda. Alikaa mavumbini nyuma ya yule mwanamke, chini kabisa, akasema kwa lugha yao, Kibangubangu, “Tumekula nini chako?” Mwanamke hakujibu. Bi Tausi akasubiri, kiasi cha mtu kumenya muhogo mmoja, akauliza tena. Akasubiri tena. Mara ya tatu yule mwanamke akasema, bado ametupa mgongo, kwamba msafara wetu uliopita mwezi uliotangulia ulichukua muhogo wake wote aliokuwa ameloweka kwenye dimbwi. Siku nne alizoloweka, na watoto wa dada yake wakalala na sombe tupu, majani ya muhogo bila ugali.

Tulimlipa chumvi. Akageuka, midomo ikarudi mahali pake, na uso ukawa wa mtu mwingine. Nilijaribu kumsalimu kwa Kibangubangu changu cha njiani akacheka mpaka mtoto akaamka. Mtoto, wa kike, alinyoosha mkono akashika pete ya fimbo ya Bi Tausi, akaitia mdomoni akaing’ata. Jina lake Ngoi. Mama yake tulimwita Mama Ngoi tangu siku ile.

Tukiwa ndani ya mtumbwi nilimwuliza Bi Tausi kwa nini mwanamke hakusema tu.

“Aseme na nani? Wenye bunduki ukiwaletea maneno wanakujibu kwa bunduki. Mdomo uliofungwa haujamtukana mtu.” Akanieleza desturi ya bonde lile, na nyinyi ishikeni. Mwenye dai hukaa pale ambapo wageni hawana budi kupita, akawapa mgongo, akatoa midomo. Hiyo ni hodi. Mgeni akae chini kuliko yeye, aulize mara tatu. Akiuliza mara moja tu, amesalimu. Akicheka, au akipita, amejibu, na shauri limefungwa; hawezi kurudi kesho kulifungua, hata aje na marobota ya nguo.

“Na aliyepita kwa kutojua?”

“Ndiyo maana wewe unalipwa,” alisema.

Niliitenda kazi hiyo miaka mingi chini yake. Nikajifunza lugha ya Kizimba ya kutosha kununua mafuta ya mawese na kuibiwa kidogo tu. Nikajifunza kwamba mtu anayesema haraka huwa amekariri, na kwamba mwongo hunywa maji yako. Mashauri mengine yalinishinda. Niliwahi kutafsiri kwa siku nzima kati ya ndugu wawili mpaka Bi Tausi aliponinong’oneza kwamba wote wawili wanasema Kiswahili, ila hawataki kusikiana sauti. Mengi sikuyapenda. Nilitafsiri bei za watu, wakiwepo wenyewe, wakinitazama. Bi Tausi alipotafsiri hayo alifumba macho. Mimi nilijifunza kutazama miguu yao.

Alipoanza kuchoka alinipa fimbo. Kigoda alibaki nacho, akawa anatembea nyuma kabisa ya msafara pamoja na wagonjwa, maana huko, alisema, ndiko watu wanakosema kweli.

Kisha alikuja yule Mzungu. Alifika Kasongo kutoka Nyangwe akiwa na homa na sanduku la vioo, akaomba mkalimani wa kumfikisha Kabambare na ziwani. Bwana wetu akamtia katika msafara wake uliokuwa unakwenda Kabambare. Wapagazi walimwita Bwana Daftari. Kila alichokiona alikiandika: mdudu, jani, tanuri la chuma, jinsi ya kufunga mzigo. Aliniuliza jina la kila kitu, nami nikamwuliza jina la kila kitu kwao, na nakiri kwamba tangu nimtoroke mwalimu sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Tulikuwa wendawazimu wawili tunabadilishana maneno huku watu wengine wanabeba mizigo.

Siku ya tatu njiani, mtoto wa mpishi alinyimwa muwa akatoa midomo. Bwana Daftari alicheka, akamwonyesha kwa kalamu, akaniambia neno lao: pauti. Nililiandika pale pale kwa herufi zetu, pe, alifu, wau, te, na karatasi hiyo ninayo hadi leo.

Nilimbana kwa maswali. Alisema neno hilo ni la midomo inayosukumwa mbele na mtu aliyechukizwa kidogo, na kwao kitendo na umbo lenyewe vinaitwa kwa neno hilo hilo: mtoto anafanya pauti, na anayo pauti usoni. Alisema hata kuna samaki baharini kwao mwenye jina hilo. Nikamwambia sisi tunao katika mto Lualaba samaki wenye midomo mirefu kama mrija lakini hawajamnunia mtu. Hilo nalo akaliandika.

“Nani hufanya hivi kwenu?” nilimwuliza.

“Mtoto,” alisema kwa Kiswahili chake cha Unguja. “Msichana akitaka kubembelezwa. Mwanamke mzuri, kidogo.”

“Na mzee? Na mfalme?”

“Mfalme hawezi. Watu watamcheka.”

“Mtoto akifanya, mama yake hufanya nini?”

“Anacheka. Kisha anampa anachotaka, au hampi. Basi, imekwisha.”

Nililigeuza neno hili kichwani siku nzima. Kiswahili kina kununa, na kususa kwa anayekataa chakula chako, na kubinua mdomo kwa anayekudharau, na kila moja lina mambo yanayofuata nyuma yake. Mtu akisusa, jirani ataulizwa. Sikuwa nimewahi kukutana na neno la chuki ambayo haifuatwi na kitu, chuki ambayo dawa yake ni kuchekwa. Lilinipendeza. Nitasema kwa nini, maana nimekuwa na miaka ya kulifikiri. Mtu ambaye kazi yake ni kukaa mavumbini na kusubiri mara tatu, akipewa neno linalomruhusu kusimama, hulipenda.

Tulifika kivuko cha Luama baada ya siku mbili. Ilikuwa imepita misimu miwili sijapita njia ile, maana pembe zilikuwa zimetupeleka kaskazini. Mvua ilikuwa inakusanyika. Bwana Daftari alikuwa anatetemeka juu ya machela. Na katikati ya njia, mbele ya maji, alikuwa amekaa mwanamke ametupa mgongo, midomo mbele.

Nilimtambua kwa mabega. Alikuwa Mama Ngoi.

Sikilizeni jinsi mtu anavyokosea kazi anayoijua. Sikuwa nimesahau desturi. Niliwaza, ni muhogo tena. Niliwaza, mgonjwa huyu atalowa. Bi Tausi alikuwa nyuma, mwendo wa siku moja au mbili, pamoja na wapagazi waliokuwa wanaharisha. Bwana Daftari akainua kichwa kutoka kwenye machela, akamwona, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Feruzi! Pauti?”

Alikuwa amekumbuka kwamba nalijua neno, na mimi nilifurahi kwamba amekumbuka.

“Ndiyo, bwana,” nilisema. “Pauti tu.”

Tukacheka wote wawili. Wapagazi walimzunguka yule mwanamke kama maji yanavyozunguka jiwe, nami nikapita pamoja nao, fimbo mkononi. Nilijiambia nitauliza wakati wa kurudi. Wapiga makasia walituvusha bila kuimba. Nililiona hilo pia, nikaliacha.

Siku mbili baadaye tuliingia Kabambare. Ndani ya boma tulikuta msafara mwingine, wa bwana mmoja aliyekuwa anaelekea ziwani, unasubiri mizigo. Watu wake waliofungwa kamba walikuwa wamekaa kando ya ukuta wa miti, kumi au zaidi. Bwana Daftari, homa ikiwa imempungua, alipita karibu nao pamoja nami. Hakupenda kuwaona, nasema hivyo kwa haki yake. Alikunja uso akasema maneno mazito kwa lugha yake. Lakini daftari lilikuwa mkononi.

Mwisho wa kamba alikuwa msichana wa miaka kumi na mbili hivi, kichwa kimenyolewa, mwili mzima vumbi. Aliponiona alitazama fimbo. Kisha akajizungusha pale chini kadiri kamba ilivyomruhusu, mpaka akanipa mgongo wote, na nikaona kwa upande midomo yake imetoka mbele.

“Hata huyu,” alisema Bwana Daftari kwa sauti ndogo. “Maskini. Pauti.” Akamchora, upande wa shavu. Akanionyesha picha. Ilikuwa picha nzuri. Nilimwambia midomo ameipata sawasawa.

Sikuzunguka kumtazama usoni. Siku iliyofuata nilipita tena pale kwenda kutafuta mbuzi wa kununua, naye alijizungusha tena. Alfajiri ya siku ya tatu msafara wao uliondoka kuelekea ziwani.

Bi Tausi aliingia bomani mchana wa siku hiyo hiyo. Alikuwa amewaacha wagonjwa njiani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa na kigoda chini ya kwapa na miguu imepasuka. Hakunisalimu.

“Feruzi mwanangu, wale waliotangulia wako wapi? Wamemchukua Ngoi. Alikuwa anachota maji kivukoni, siku moja kabla yenu. Mama yake anasema wamekuja huku. Bwana wao namjua, nililea watoto wake. Atamtoa kwa vitambaa na maneno mazuri. Wako wapi?”

Nikamwonyesha kwa fimbo njia ya ziwani.

“Mama yake alikuwa njiani,” alisema. “Alikaa siku mbili. Ulimwona?”

“Nilimwona.”

“Ukauliza mara ngapi?”

Nikamwambia. Nikamwambia juu ya neno, na machela, na mvua. Alisikiliza kama alivyosikiliza mashauri yote, macho kwenye mdomo wangu. Kisha nikamwambia habari ya msichana mwenye kichwa kilichonyolewa.

“Alikupa mgongo?”

“Ndiyo.”

“Alimpa Mzungu, au alikupa wewe?”

Nilijaribu kukumbuka walipokuwa wamesimama watu wote. Nilikumbuka macho yake kwenye pete ya shaba, pete aliyoing’ata akiwa mchanga.

“Mimi,” nilisema. “Mara mbili.”

“Basi alikuita mara mbili.”

Alichukua marobota mawili ya nguo kwenye mizigo ya bwana wetu bila kumwomba mtu ruhusa, akaondoka na watu wawili kuelekea ziwani. Sikuambiwa nifuate. Bwana Daftari, nilipomweleza, alifungua daftari kwenye picha ile, akaniuliza kama jina la Ngoi huandikwa kwa herufi hii au ile. Hakuuliza kwa ubaya. Hakujua kitu kingine cha kufanya na mikono yake. Siku chache baadaye aliendelea na safari kwa mkalimani mwingine.

Bi Tausi alirudi baada ya wiki tatu. Kwa miguu ile iliyopasuka hakuwakuta njiani; jahazi la ziwani lilikuwa limeng’oa nanga kabla hajafika, na upande wa pili watu hugawanywa kwa njia nyingi. Aliyaweka marobota mahali pake, yamekunjwa vizuri. Akachukua kigoda.

“Naenda kwa mama yake kukaa,” alisema. “Hiki naondoka nacho. Wewe huna kazi nacho.”

Nilidhani anasema kwa hasira, kwamba atarudi hasira ikipoa. Mnaona jinsi neno lile lilivyokuwa limenikaa kichwani. Hakurudi. Nilisikia analima na Mama Ngoi, kwamba watu wa kijiji wamemrudishia jina lake la kwanza. Sikuwahi kulijua. Msimu uliofuata kijiji kiliificha mitumbwi yake, na misafara ya bwana wetu ikaanza kuzunguka kwa juu, siku tatu zaidi, kwenye tope. Bwana aliniuliza watu wale wana nini. Nikamwambia sijui. Huo ndio uongo pekee niliowahi kutafsiri kutoka kichwani mwangu mwenyewe.

Yaliyofuata mnayajua. Vita vilikuja, Kasongo ikaungua, mabwana wengine wakafa na wengine wakakimbilia ziwani, na Wazungu wa Serikali wakajenga boma lao. Walihitaji mkalimani. Fimbo ilikuwa ile ile, na mara nyingi maneno pia. Nyinyi mlianza kazi kwao, kwa hiyo nawaambia: mtu akiwageuzia mgongo njiani mbele ya askari, mkuu wa safari atawauliza, huyu ana nini? Jibu jepesi litakuwa tayari mdomoni, na wote watataka mlitoe, maana jua ni kali na safari ni ndefu. Shukeni chini. Kalisheni msafara mzima ikibidi. Wakiwafukuza kazi, mtakuwa mmefukuzwa mkiwa mnaifanya.

Baada ya kurudisha fimbo, nilisafiri mara moja ya mwisho. Nilikwenda taratibu, siku nyingi, kwa magoti haya, mpaka kivuko cha Luama. Nilikuwa nimesikia kwamba Bi Tausi alikufa kwa ndui, kwamba Mama Ngoi alimzika nyuma ya nyumba. Sikwenda kuomba msamaha. Sikuwa na haki hiyo. Nilikwenda kuuliza swali nililolipita. Njia nzima niliomba Mungu nimkute amekaa barabarani, ametupa mgongo, midomo mbele. Nilikuwa tayari kukaa mavumbini siku saba.

Alikuwa mlangoni kwake anamenya muhogo. Nywele nyeupe. Aliinua uso akaniona, akanitambua, nami nilijua amenitambua, kwa sababu macho yake yalikwenda kwenye mkono wangu kutafuta fimbo. Akasimama. Akatabasamu.

“Karibu, bwana,” alisema kwa Kiswahili cha siku hizi, cha bomani. “Bwana iko muchovu. Kaa.”

Alinitolea kiti kirefu chenye mgongo, cha aina ambayo Serikali huwapa machifu, akakifuta vumbi kwa nguo yake. Mimi nikaketi chini. Hakunizuia, wala hakukiondoa kiti. Kikabaki kati yetu kama mgeni wa tatu. Yeye alirudi kukaa alipokuwa amekaa. Alikuwa amekalia kigoda cha vidole vinne.

Nikasema kwa Kibangubangu, vizuri kadiri nilivyofundishwa, “Tumekula nini chako?”

“Hakuna kitu, bwana,” alijibu pale pale kwa Kiswahili.

Nikasubiri, kiasi cha yeye kumaliza muhogo ulio mkononi. Nikauliza tena kwa lugha yake.

“Hakuna, bwana. Sisi hapa iko muzuri tu. Njia ya Kabambare iko wazi.”

Uso wake ulikuwa mkunjufu. Nilimtazama mdomo, kama nilivyofundishwa, nikatafuta chochote, hata mkunjo mmoja pembeni. Midomo ilikuwa imetulia, laini, ya mtu anayempokea mpita njia. Nikauliza mara ya tatu.

Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kibuyu.

“Kunywa mayi, bwana,” alisema. “Jua iko kali.”

Nikanywa. Maji yalikuwa ya baridi, na kibuyu kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu na kuoshwa, kama inavyofanywa kwa mgeni.